Kabla ya Kilio: Kumtambua na Kumvusha Aliyekata Tamaa ya Kuishi

Mhadhara wa wazi uliotolewa mbele ya walimu, viongozi wa dini, wahudumu wa afya na wazazi

   

 Kujiua ni jambo tunalolisema kwa minong'ono msibani na kwa makelele magazetini. Baina ya minong'ono na makelele hapajabaki mahali pa kulielewa. Leo tupatafute mahali hapo.

Kabla sijaendelea, nina neno kwa baadhi yenu. Katika ukumbi wenye watu wengi namna hii hawakosi waliofiwa kwa njia hii, na hawakosi wanaolibeba wazo hili moyoni sasa hivi tunapozungumza. Nazungumza nikijua kuwa mpo. Atakayezidiwa na atoke. Wauguzi wamekaa karibu na mlango kwa ajili yenu, na hakuna atakayekuuliza mbele ya watu kwa nini umeinuka.

Lengo langu ni moja. Nataka tuondoke hapa tukijua kwamba mtu anayetaka kujiua, mara nyingi, yumo katika saa mbaya ambayo hupita. Na kwamba anayeweza kumvusha saa hiyo, mara nyingi, ni jirani, mwalimu, shangazi au rafiki, kabla hata daktari hajapata habari. Nitalieleza kwa hoja sita.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa chanzo cha tatu cha vifo duniani. Takriban vifo 73 katika kila 100 vya kujiua vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Na kwa kila anayekufa, wapo zaidi ya 20 waliojaribu wakabaki hai. Hao zaidi ya 20 naomba msiwasahau, kwa sababu nitawarudia.

1. Hakuna kifo cha namna hii chenye chanzo kimoja

Mmezisoma habari: kijana fulani ajiua, kisa mapenzi, mama fulani ajiua, kisa mikopo, mwanafunzi ajiua, kisa kufeli mtihani. Neno hilo moja, "kisa", linatufanya tuamini kuwa tumeelewa. Lakini jiulizeni: ni wangapi kati yetu tuliwahi kuachwa na tuliowapenda? Ni wangapi tuliwahi kudaiwa hadi tukaogopa kupokea simu? Kila mwaka maelfu ya watoto hawafaulu mitihani ya taifa, wakalia, wakatafuta njia nyingine, na maisha yakaendelea.

Tukio la mwisho ndilo tunaloliona kwa sababu liko karibu na kifo. Nyuma yake huwa pana mzigo uliojengeka kwa miezi au miaka: ugonjwa usiotibiwa, ukatili usiosemwa, upweke, pombe. Tukilaumu tukio la mwisho peke yake tunafanya makosa mawili. Tunamtwisha mtu mmoja, mchumba aliyeondoka au mwalimu aliyekaripia, lawama isiyomstahili yeye peke yake. Tena tunawafundisha vijana wengine walioachwa au waliofeli kuwa kifo ni jibu linalojulikana la tatizo lao.

2. Mazingira hatarishi: mambo yanayomlemea mtu tangu zamani

Naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna mambo yanayoongeza hatari kwa muda mrefu. Hayo tunayaita mazingira hatarishi. Kisha kuna dalili za tahadhari, zinazotuambia kuwa hatari iko karibu, wiki hii au usiku huu. La kwanza linatuambia tumwangalie nani kwa jicho la huruma. La pili linatuambia ni lini tuache kazi zote tumwendee.

Katika mazingira hatarishi, lililo zito kuliko yote ni kuwahi kujaribu. Yule binti aliyerudishwa kutoka hospitali mwezi uliopita, mkasema "alitaka kututisha tu", ndiye wa kulindwa kuliko wote mtaani kwenu. Kusema alitaka kutisha ni kumwambia kuwa hakuaminiwa hata alipofika ukingoni.

Linafuata suala la magonjwa ya akili, hasa sonona. Sonona si huzuni ya siku mbili. Ni ugonjwa unaomnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, unaomtoa katika kazi na watu aliowapenda, na unaomwaminisha kuwa hafai na hatafaa tena. Una matibabu: mazungumzo ya kitaalamu, dawa, au vyote viwili. Wengi wanaougua sonona hawajiui, na hilo walijue pia wagonjwa wenyewe. Ila sonona isiyotibiwa, ikichanganyika na pombe, ni mchanganyiko mbaya. Pombe huongeza giza la mawazo, na papo hapo huondoa kizuizi kilichokuwa kinamshika mtu mkono.

Yapo mengine. Maumivu sugu na magonjwa ya muda mrefu. Siku na wiki za mwanzo baada ya kupewa majibu mazito hospitalini. Ukatili wa nyumbani, na ukatili wa kingono aliofanyiwa mtoto na mtu ambaye hakuthubutu kumtaja. Kuwahi kumpoteza ndugu kwa kujiua. Kutengwa na kubaguliwa. Kifungo. Ukimbizi. Na madeni: hapa kwetu mnaijua mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, mnajua mama anayekopa huku ili alipe kule, na mnajua kijana aliyeanza kubeti kwa ada ya chuo. Deni lenyewe huuma, lakini kinachomfikisha mtu pabaya zaidi ni kufedheheshwa: kugongewa mlango mbele ya watoto, kuchukuliwa kochi majirani wakitazama.

Kisha kuna wanaume. Kwa ujumla duniani wanawake hujaribu zaidi, lakini wanaume hufa takriban mara mbili zaidi. Tumemlea mtoto wa kiume kwa neno "jikaze", amekuwa mtu mzima anayeweza kukaa kijiweni na wenzake saa nne, akajadili mpira na siasa, akaondoka bila yeyote kujua kuwa hajalala kwa wiki mbili. Kinababa mliopo hapa, nawaomba mlifikirie hilo bila kulionea haya.

3. Dalili za tahadhari: yanayosemwa na yanayotendwa

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Katika jambo hili kilio kikishafichua huwa tumechelewa. Lakini wengi hawafichi kabisa. Huwa wametoa neno, kwa namna yao, kwa mtu fulani.

Yasikilizeni maneno. Wengine husema waziwazi kuwa wanataka kufa. Wengine huzunguka: "Nimechoka na haya maisha." "Nawasumbua tu, bora nisiwepo." "Mtapumzika nikiondoka." "Watoto wangu nakuachia wewe." Siku hizi maneno hayo huandikwa usiku wa manane kwenye status ya WhatsApp, marafiki hamsini wakayaona, kila mmoja akadhani mwingine atapiga simu. Imani kwamba anayesema hatendi ni uongo hatari. Anayesema anatupa nafasi.

Tazameni matendo. Mtu anagawa vitu alivyovipenda. Analipa vijideni vidogo na kurudisha vitu alivyoazima, bila sababu ya safari. Anawatembelea ndugu na kuwaaga kwa namna isiyo ya kawaida. Anatafuta kitu cha kujidhuru nacho, au anauliza habari zake. Anaacha msikiti, kwaya, kikoba au timu aliyokuwa haikosi. Usingizi unageuka, pombe inazidi, hasira zinamjia bila sababu.

Na ipo dalili moja ambayo huwadanganya hata watu makini: utulivu wa ghafla. Aliyekuwa na majonzi kwa miezi anaamka siku moja mwepesi, anatabasamu, na familia inamshukuru Mungu. Huenda kweli amepata nafuu. Huenda pia ameamua, na uamuzi umempunguzia vita ya ndani. Utulivu wa namna hiyo usiwaondoe karibu naye. Ndio wakati wa kumuuliza.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Zikikusanyika, au zikimwangukia mtu mwenye yale mazingira ya hoja ya pili, msisubiri uhakika. Kumuuliza mtu ambaye hakuwa na wazo hilo kunagharimu dakika chache za aibu.

4. Kuuliza hakumpandii mtu wazo

Naona baadhi ya wazee wanatikisa kichwa. Nawaelewa, tumefundishwa kuwa kulitaja baya ni kuliita. Lakini jambo hili limefanyiwa utafiti mara nyingi, kwa vijana wa shule na kwa watu wazima, na matokeo yanakubaliana: kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumwongezei wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuona kuwa hatimaye yupo anayeweza kulisikia bila kukimbia.

Basi uliza wazi. "Ndugu yangu, nimekuona siku hizi huna raha, na juzi ulisema neno lililonitia hofu. Je, unafikiria kujiua?" Ukishauliza, nyamaza. Nyamaza mpaka ajibu.

Lakini kwetu si kila mtu anaweza kumuuliza kila mtu. Kijana hawezi kumkalisha baba yake chini na kumwuliza swali kama hilo. Utaratibu wetu una milango yake. Mjukuu ana utani na babu. Shangazi anasikilizwa na binti ambaye hatamweleza mama yake. Mjomba, somo, rafiki wa jandoni, mtani wa kabila jingine anayeruhusiwa kusema lile ambalo ndugu wa damu hathubutu: hawa ndio mlango. Ukiona dalili na wewe huna mlango, kazi yako ni kumtafuta mwenye nao leo hii, na kuhakikisha ameenda.

Akikujibu ndiyo, yapo maneno ya kuyameza. Usimwambie "jikaze". Usimwambie wapo wenye shida kumzidi. Usimkimbilizie moto wa jehanamu; anayeungua tayari haogopeshwi na moto. Mwambie: "Ahsante kwa kuniamini. Sitakuacha peke yako. Twende tukatafute msaada pamoja." Na usimwahidi siri. Hii ni siri ambayo kuitunza kunaweza kuua. Mwambie kwa upole kuwa itabidi mumshirikishe mtu mmoja au wawili anaowaamini.

Kisha mpelekeni, tena msimtume peke yake. Kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni mahali pa kuanzia. Mtu hahitaji kusafiri hadi hospitali kubwa za Mirembe au Muhimbili ndipo asikilizwe. Kwa watoto na vijana wadogo, namba 116 ya simu kwa mtoto inapigwa bila malipo, Tanzania na Kenya pia.

5. Muda huokoa

Hapa ndipo kiini cha mhadhara wangu. Watu husema: "Aliyeamua ameamua, ukimzuia leo atafanya kesho." Kama hilo lingekuwa kweli, wale zaidi ya 20 wanaobaki hai kwa kila anayekufa wangerudia mmoja baada ya mwingine. Haiwi hivyo. Waliofuatiliwa kwa miaka mingi baada ya kujaribu wameonyesha kuwa takriban tisa kati ya kumi hawafi kwa kujiua. Walitaka maumivu yaishe, na kifo kilionekana saa ile kuwa njia pekee. Saa ilipopita, njia nyingine zilionekana.

Kwa hiyo kila kinachoongeza muda kati ya wazo na tendo huokoa maisha. Sri Lanka wametupa ushahidi mkubwa. Mwaka 1995 nchi hiyo ilikuwa na mojawapo ya viwango vya juu kabisa vya kujiua duniani, na viuatilifu vya shambani vilikuwa mikononi mwa kaya nyingi. Serikali ikapiga marufuku, kwa awamu, vile vilivyo na sumu kali zaidi. Kufikia mwaka 2015 vifo vya kujiua vilikuwa vimeshuka kwa takriban asilimia 70, na inakadiriwa kuwa watu 93,000 waliokolewa. Wakulima hawakuacha kulima, wala umaskini haukuondoka. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyefikwa na saa mbaya hakukuta kifo rafuni.

Tusisubiri serikali peke yake. Dawa za shambani zisilale chumbani. Ziwe chini ya kufuli, au katika stoo ya ushirika. Dawa za hospitali ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa sonona zitunzwe na mwingine. Mkishaona dalili, ondoeni vitu vya hatari kwanza, mazungumzo marefu yafuate.

Jambo la pili linaloongeza muda ni kufuatilia. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti katika miji mitano, Campinas, Chennai, Colombo, Karaj na Yuncheng, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Baadhi walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa saa moja ya mazungumzo kabla ya kuondoka, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi 18. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, asilimia 2.2 walikufa kwa kujiua. Kati ya waliofuatiliwa, ni asilimia 0.2. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Kulikuwa na mtu aliyeuliza "unaendeleaje?" akarudi tena kuuliza.

Na anayeuliza si lazima awe daktari. Dakta Dixon Chibanda wa Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, alifiwa na mgonjwa wake kijana aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumfikisha hospitalini kwake. Kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu, kwa hatua zilizopangwa, mpaka tatizo moja lipatiwe ufumbuzi, kisha jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 katika kila 100 kati ya waliokaa na bibi hao, na 50 katika kila 100 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Bibi tunao. Mabenchi tunayo. Kinachokosekana ni mafunzo na uamuzi.

6. Adhabu na aibu hufunga midomo

Hoja yangu ya mwisho ni kwa wenye mamlaka: wa sheria, wa dini, na wa kalamu.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 217, na ile ya Kenya, kifungu cha 226, zilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Asili ya vifungu hivyo ni sheria ya Uingereza ya zama za ukoloni, na Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Mahali ambapo kujaribu ni jinai, familia husema "alikunywa kwa bahati mbaya", daktari hutibu mwili peke yake, na mgonjwa hurudi nyumbani na lilelile lililompeleka. Wanasheria mliopo, hapo pana kazi yenu.

Viongozi wetu wa dini, nasema kwa adabu. Uhai ni amana, na kila dini iliyomo humu inakataza kuutoa. Katazo hilo limewashika wengi mkono. Lakini aliyefiwa anahitaji kusikia sauti ya rehema. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya mwaka 1983 haiwataji tena katika orodha hiyo. Katika Uislamu, wanazuoni walio wengi wanaona kuwa aliyejiua huswaliwa. Mkimzika kwa heshima, mnawaambia ndugu zake waliobaki, ambao sasa nao wako hatarini, kuwa nyumba ya ibada bado ni yao.

Waandishi wa habari: mjini Vienna, mwaka 1987, magazeti yalikubali kuacha kuandika kwa mbwembwe habari za watu waliojiua katika reli ya chini ya ardhi. Vifo hivyo vikashuka kwa takriban robo tatu, wala havikurudi kupanda kama zamani. Nanyi msitaje njia, msichapishe barua ya mwisho, msiandike "kisa". Andikeni habari za waliovuka, na mwisho wa kila habari wekeni mahali pa kupata msaada.

Tunakokwenda

Mheshimiwa Mwenyekiti, kila tarehe 10 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kuzuia Kujiua. Naomba siku hiyo itakapofika tuwe na mambo ya kuonyesha. Kila shule iliyowakilishwa hapa iwe na walimu wawili wanaojua kuuliza swali lile la hoja ya nne, na wanafunzi wawajue kwa majina. Kila kituo cha afya kiwe na daftari la waliojaribu, lenye tarehe za kuwapigia simu na jina la atakayepiga. Kila mtaa na kila ushirika wa wakulima uamue dawa za shambani zinatunzwa wapi. Kila msikiti na kila kanisa litenge siku moja ya kulizungumza hili kutoka mimbarini, kwa lugha ya tiba na ya rehema.

Na kila mmoja wetu, kabla ya kulala leo, amtafute mtu mmoja aliyemjia akilini wakati nikizungumza. Najua yupo, na mnajua ni nani. Mpigie. Muulize. Kisha panga siku ya kumpigia tena.

Kwa yule miongoni mwetu ambaye mtu huyo ni yeye mwenyewe: zungumza na mtu mmoja leo, hata kama ni wale wauguzi mlangoni. Unachokisikia sasa kina tiba, na wengi waliokuwa hapo ulipo wako hai, wanalea watoto, wanalima, wanafundisha. Tunakuhitaji katika kazi iliyo mbele yetu.